Sura ya Sita: Sindano Inayoona Inakokwenda

Malalamiko huanza usiku. Mtu ameshinda kutwa akikata vitambaa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, au akisuka nywele, au akipeleka abiria kwa bodaboda kati ya Msimbazi na Mnazi Mmoja. Amelala salama. Saa nane anaamka mkono umekufa ganzi, na kidole gumba, cha shahada na cha kati vinawaka moto. Anaukung'uta mkono, anauning'iniza nje ya kitanda, ganzi inaachia, usingizi unarudi. Wiki zinapita, na sasa ganzi inamfuata mchana: sindano inamdondoka, sarafu haishikiki, kifungo cha shati kinamshinda.

Kwanza hulaumiwa mkao wa kulala, kisha feni, kisha maji ya baridi. Hali ikiendelea, hofu inayoingia nyumbani ni kiharusi. Hofu hiyo nataka niiondoe mapema. Kiharusi huja ghafla, mara nyingi hushika upande mmoja wa mwili, hupindisha mdomo na kufanya ulimi uwe mzito, na mwenye dalili hizo anapaswa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Ganzi ninayoieleza hapa huja na kuondoka kwa miezi, hupenda usiku, na huchagua vidole.

Hatua inayofuata Kariakoo ni duka la dawa. Huko mgonjwa hupewa mafuta ya kuchua, vidonge vya diklofenaki, na vidonge vya vitamini B vinavyouzwa kwa jina la dawa ya mishipa. Siwalaumu wauzaji, wanajibu kile wanachoambiwa kwenye kaunta. Lakini mgonjwa anaweza kumaliza mwaka akinunua vidonge huku neva yake ikibanwa, maana hakupungukiwa na vitamini. Amepungukiwa na nafasi.

Geuza kiganja kitazame juu. Pale mkono unapokutana na kiganja, yaani kwenye kifundo cha mkono, mifupa midogo 8 iitwayo kapali imejipanga ikafanya mfereji. Juu ya mfereji huo umetandazwa mkanda mgumu wa kano, kutoka upande wa gumba hadi upande wa kidole cha mwisho, na hapo mfereji unakuwa handaki. Ndani yake zinapita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na neva moja, neva ya mediani. Ni abiria 10 ndani ya daladala isiyoongezeka hata kiti kimoja, na 9 kati yao ni wabavu. Kitu chochote kikivimba humo ndani, kano zitavumilia. Neva ndiyo itakayoumia. Madaktari huita hali hiyo sindromu ya handaki la kapali.

Neva ya mediani hupeleka hisia kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ndiyo pia inayoamuru misuli iliyonona chini ya gumba, ile inayotuwezesha kubana uzi, ufunguo au kalamu. Kidole cha mwisho kina neva nyingine, na hiyo haipiti ndani ya handaki. Ndiyo maana daktari makini, kabla ya kuandika kipimo chochote, huuliza, “Fundi, na kidole kidogo nacho kinakufa ganzi?” Kikiwa kizima huku vingine vinawaka, njia ya kuelekea kifundoni imeanza kuonekana. Vidole vyote vikiwa na ganzi, na nyayo nazo, inabidi kutafuta kwingine: sukari, shingo, au kweli huo upungufu wa vitamini.

Kwa nini usiku? Mwaka 1981 daktari wa upasuaji wa mikono wa Marekani, Richard Gelberman, na wenzake walipima shinikizo ndani ya handaki lenyewe. Kwa watu wazima wasio na ugonjwa, kifundo kikiwa kimenyooka, walikuta wastani wa milimita 2.5 za zebaki. Kwa wagonjwa walikuta 32. Mgonjwa alipokunja kifundo, shinikizo lilipanda hadi 94, na alipokipinda nyuma likapita 100. Binadamu aliyelala hukunja mikono bila kujua. Kwa saa kadhaa damu inayolisha neva hupita kwa shida, na neva iliyonyimwa damu hupiga kelele kwa njia pekee inayoijua.

Nani hupata ugonjwa huu? Wanawake kuliko wanaume, na watu wa makamo kuliko vijana. Kazi nayo ina mchango, na mchango huo unajulikana kwa kiasi kizuri: kushika kwa nguvu, kurudiarudia, na mtetemo, hasa vikikutana pamoja. Kompyuta, ambayo ofisini hulaumiwa sana, ushahidi wake ni hafifu ukilinganisha na mkasi mzito wa kukatia jinzi, nyundo za mafundi vyuma wa Gerezani, au mashine ya kusaga zege. Tembea kutoka Mnazi Mmoja uingie Kariakoo kwa Mtaa wa Uhuru na uangalie mikono tu. Msusi anashika nywele chache kwa ncha za vidole kwa saa nne bila kupumzika. Muuza kuku ananyonyoa na kukata tangu alfajiri. Fundi simu wa Mtaa wa Aggrey amebana bisibisi nyembamba kwa gumba na shahada, yaani kwa vidole vile vile ambavyo neva ya mediani inavihudumia. Mpagazi anavuta mkokoteni kifundo kimepinda. Mji huu umejengwa kwa mikono hiyo tangu siku Waingereza walipoweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, iliyoipa Kariakoo jina lake.

Mtu aliyefanya ugonjwa huu ujulikane kwa kila daktari, George Phalen wa Cleveland, Marekani, aliona katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba wagonjwa wake wengi walikuwa wanawake wa makamo wanaoshinda nyumbani, akahitimisha kwamba kazi si chanzo kikubwa. Namheshimu Phalen, lakini hapo nampinga waziwazi. Aliyewahi kukanda unga wa chapati za watu 20, akakamua mashuka kwa mkono na kukuna nazi 4 kabla ya adhuhuri, hawezi kuambiwa kwamba hana kazi. Mkono wa mama lishe wa Mchikichi unapaswa kuandikwa kwenye faili la mgonjwa kama kazi, kwa uzito ule ule unaopewa mkono wa fundi seremala.

Lakini kazi peke yake haitoshi kueleza. Kisukari kinazidi kuingia katika hesabu hii, na kwa Tanzania mabadiliko ni makubwa. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha uchunguzi wa vijiji 6 uliokuta wenye kisukari ni chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Kisukari huidhoofisha neva kabla haijabanwa, na huzifanya nyama zinazozunguka kano kuwa nene na ngumu. Neva dhaifu ndani ya handaki lililobana haina pa kukimbilia. Tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri, baridi yabisi, usafishaji wa damu wa muda mrefu kwa wenye figo zilizofeli, na mfupa wa kifundo uliovunjika ukaunga vibaya, vyote huleta matokeo hayo hayo. Mimba nayo, kwa sababu mwili wa mjamzito huhifadhi maji. Kwa wengi ganzi hupungua baada ya kujifungua.

Huyo mjamzito tutamrudia, kwa sababu ndiye anayeifahamu mashine ambayo sura hii inaihusu.

Tiba ya kisu ina historia ndefu. Mwaka 1854 Sir James Paget wa London alieleza neva ya mediani iliyobanwa baada ya mfupa wa kifundo kuvunjika. Mwaka 1913, mjini Paris, Pierre Marie na Charles Foix walipasua mkono wa maiti wakakuta neva imenenepa juu ya handaki na kusinyaa chini ya mkanda, wakashauri kwamba mkanda huo ukikatwa mapema huenda neva ikaokoka. Ushauri huo ulikaa miaka mingi bila kufuatwa. Mwaka 1933 James Learmonth alichapisha taarifa ya upasuaji wa namna hiyo, na ni Phalen aliyeufanya uwe wa kawaida. Kanuni haijabadilika hadi leo: kata mkanda, handaki lipanuke, neva ipumue. Mkanda ukishakatwa hauachi pengo la kudumu. Kovu huziba nafasi na handaki hubaki kubwa zaidi kuliko mwanzo.

Kilichobadilika ni ukubwa wa mlango. Upasuaji wa wazi hufungua kiganja sentimita 3 au zaidi. Daktari anaona kila kitu kwa macho yake, na matokeo ni mazuri. Sitaki msomaji aondoke hapa akiudharau. Tatizo la mlango huo ni mahali ulipo. Ngozi ya kiganja ndiyo tunayoshikia, tunayoegemea tunapoinuka, tunayoweka chini tunaposujudu. Kovu lake huuma likibonyezwa kwa wiki au miezi. Katika miaka ya 1980 Wajapani na Wamarekani wakaanza kuingiza kamera nyembamba ndani ya handaki, na kovu likapungua. Lakini kamera huonyesha kilicho mbele yake tu. Neva iliyojificha upande wa pili haionekani.

Ndipo ikaja ultrasaundi. Chimbuko lake kama kipimo cha hospitali liko Glasgow, mji wa viwanda vya meli na boila. Mwaka 1955 daktari wa wanawake, Ian Donald, aliazima chombo cha kiwandani cha kutafuta nyufa ndani ya chuma, akakijaribu kwenye uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa. Mwaka 1958, pamoja na John MacVicar na mhandisi Tom Brown, alichapisha picha za kwanza zilizowashtua madaktari wa Uingereza. Kwa miaka mingi mashine hiyo ilibaki ya tumbo na mimba, kwa kuwa picha zake zilikuwa na ukungu mno kwa kitu chembamba kama neva. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Innsbruck, Austria, Wolfgang Buchberger na wenzake walionyesha kwamba vichwa vipya vya mashine vilivyotumia mawimbi ya masafa ya juu vinaweza kuichora neva ya mediani, na kwamba kwa wagonjwa neva hiyo inaonekana imevimba kabla ya kuingia handakini na imebapa ndani yake.

Leo mtaalamu huipima. Neva ya mtu mzima pale inapoingia handakini kwa kawaida huwa na eneo lisilofika milimita za mraba 10. Ikipita hapo, na dalili zinakubaliana, mashaka yanapungua sana. Kipimo hakiumi, hakina mionzi, na huchukua dakika chache. Zaidi ya hapo, picha huonyesha mambo ambayo kipimo cha umeme wa neva hakiwezi kuyasema: kifuko cha maji kinachosukuma neva kutoka chini, neva iliyogawanyika mara mbili tangu kuzaliwa, au mshipa wa damu wa ziada unaopita sambamba nayo. Anayeingiza kisu bila kujua kwamba mshipa huo upo anaingia gizani.

Hapo ndipo fikra mpya ilipozaliwa. Kama neva inaonekana, kano zinaonekana, mshipa wa damu unaonekana, na ncha ya sindano nayo inaonekana ikisogea, kwa nini ufungue kiganja?

Tiba zenyewe zina ngazi. Ya chini haina sindano kabisa: banzi laini linalokizuia kifundo kisipinde usiku. Kwa ganzi changa, hilo ndilo la kuanzia, na ukizikumbuka takwimu za Gelberman utaona kwa nini linasaidia. Ngazi ya pili ni sindano ya steroidi ndani ya handaki. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018, wenye wagonjwa 234, ulilinganisha sindano moja na banzi la usiku: baada ya wiki 6 waliochomwa walikuwa na nafuu zaidi, baada ya miezi 6 tofauti haikuonekana. Isam Atroshi na wenzake wa Sweden walionyesha mwaka 2013 kwamba sindano huleta nafuu kuliko sindano isiyo na steroidi katika wiki 10 za kwanza, lakini ndani ya mwaka mmoja wengi wa waliochomwa, karibu robo tatu au zaidi, walifanyiwa upasuaji hata hivyo. Kwa hiyo steroidi inanunua muda. Kwa mjamzito anayesubiri kujifungua, au fundi anayetaka kumaliza sare za shule za Januari, muda ni kitu cha thamani, mradi aambiwe ukweli kwamba ni muda tu anaonunua.

Steroidi ina mawili ya kuangaliwa kwetu. Kwa mwenye kisukari, sukari hupanda kwa siku kadhaa. Lazima apime na daktari wake ajue. Na dawa ikivuja chini ya ngozi badala ya kuingia handakini, ngozi huweza kupauka na kubonyea pale ilipochomwa, alama inayoonekana wazi kwenye ngozi nyeusi na kukaa miezi. Sindano inayoongozwa na picha hupunguza hatari hiyo, na hupunguza ile kubwa zaidi, ya kuichoma neva yenyewe.

Kuna sindano nyingine inayonivutia kwa sababu ya urahisi wake. Neva iliyobanwa muda mrefu huwa imegandamana na nyama zinazoizunguka. Daktari, akitazama kioo, huingiza maji polepole kuizunguka neva mpaka ionekane inaelea, imetengana na mkanda. Yung-Tsan Wu na wenzake wa Taiwan walichapisha mwaka 2017 jaribio walilotumia mililita 5 za maji ya glukosi ya asilimia 5, nao wakaona nafuu iliyodumu miezi 6 kuliko kwa waliopewa maji ya chumvi. Majaribio hayo bado ni madogo. Lakini glukosi ya asilimia 5 ni dripu iliyopo karibu kila wodi ya nchi hii. Kinachohitajika ni jicho la kuona na mkono uliofundishwa.

Ngazi ya juu ni kukata mkanda kupitia tundu. Nakamichi na Tachibana wa Japani walieleza mwaka 1997 upasuaji uliosaidiwa na ultrasaundi, na tangu hapo mbinu zimezidi kuwa nyembamba. Mwaka 2015 Danqing Guo na wenzake wa Wisconsin walieleza njia ya uzi. Ninaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri picha inafanya kazi gani.

Mgonjwa amelala chali, macho wazi, mkono umenyooshwa juu ya meza. Ngozi inasafishwa, kiganja na kifundo vinachomwa dawa ya ganzi. Kichwa cha mashine kimelala juu ya handaki. Kwenye kioo neva inaonekana kwa mkato wa upana kama mduara wenye vitone vyeusi ndani ya utando mweupe, kano zinang'aa chini yake, na mgonjwa akiambiwa akunje vidole kano zinateleza huku neva ikibaki nyuma kidogo. Ndivyo daktari anavyohakikisha ipi ni ipi. Maji yanasukumwa kutenga neva na mkanda. Kisha sindano ndefu inaingia kwenye kiganja, inapita chini ya mkanda na kutokea kifundoni, ikivuta uzi mwembamba. Inarudishwa mara ya pili kwa juu ya mkanda na kutokea kwenye tundu lile lile la mwanzo. Sasa mkanda umezungukwa na uzi, na ndani ya kitanzi hakuna kitu kingine. Hapo ndipo picha inapookoa mkono: kabla ya kuvuta, daktari anaangalia tena kama neva, tawi lake dogo linalokwenda kwenye misuli ya gumba, na mshipa wa damu wa upande wa pili viko nje ya kitanzi. Ndipo miisho miwili inavutwa kwa zamu, mbele na nyuma, mpaka mkanda unaachia na uzi wote unatoka. Yamebaki matundu mawili ya sindano. Hakuna mshono wa kutoa.

Wengine hutumia kisu kidogo maalumu kinachoingia kwa tundu la milimita chache kifundoni. Kimoja, kilichotokana na kazi ya madaktari wa Mayo Clinic, kina vijiputo viwili pembeni vinavyojazwa maji na kuisukuma neva upande mmoja na mshipa wa damu upande mwingine, kisha wembe unapanda katikati na kukata. Huko Madrid, José Manuel Rojo-Manaute na wenzake walitumia tundu la milimita 1 tu na kulinganisha na upasuaji mdogo wa wazi. Taarifa yao ya mwaka 2016 ilionyesha waliopita kwenye tundu walirudisha nguvu ya kushika mapema na kuacha dawa za maumivu mapema. Baada ya miezi mingi makundi hukaribiana, maana mkanda uliokatwa ni ule ule.

Nikiulizwa faida iko wapi, nitajibu: katika wiki za mwanzo. Kwa mwajiriwa mwenye likizo ya ugonjwa, wiki hizo si kitu. Na fidia ya kazini nayo hutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na waajiri. Fundi aliyekodi cherehani barazani kwa mtu hana mwajiri wa kumchangia, na siku asiyoshona hakuna anayemlipa. Ndiyo maana wengi huahirisha. Wanaahirisha mpaka nyama ya chini ya gumba inayeyuka, na hapo hata upasuaji mzuri kuliko wote huenda usiirudishe. Tundu dogo linaweza kumshawishi mtu aje miaka miwili mapema, na miaka miwili hiyo, kwa neva, ni tofauti kati ya kupona na kubaki na kilema.

Sasa turudi kwa mjamzito. Kina mama wa Kariakoo na Gerezani wanaijua ultrasaundi kuliko kipimo kingine chochote cha picha. Anaweza kuwa amelala pale, jeli tumboni, anaonyeshwa mapigo ya moyo wa mtoto, na vidole vyake vitatu vimekufa ganzi, wala hakuna anayemuuliza. Mashine iliyo mbele yake ni ile ile. Kichwa chake tu ndicho tofauti. Cha tumbo kimebinuka na hutumia mawimbi ya megahezi 2 hadi 5, yanayozama mbali lakini hayachori vitu vidogo. Cha kifundo ni kinyoofu, cha megahezi 10 na kuendelea, hakizami mbali, lakini neva iko chini ya ngozi kwa milimita chache tu. Mashine nyingi hukubali vichwa vyote viwili. Anayenunua vifaa vya hospitali ya wilaya na akasaini mashine yenye kichwa kimoja cha tumbo ameamua, pengine bila kufikiri, kwamba kifundo, titi, shingo na mishipa ya damu ya miguu vya watu wa wilaya hiyo havitaonekana. Ningependa uamuzi huo ufanywe kwa macho wazi.

Kichwa cha mashine bila mkono uliofundishwa hakisaidii. Hapo Dar es Salaam ina habari njema, umbali wa dakika chache kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja. Mwaka 2018 madaktari wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Yale, wakiwemo Fabian Laage Gaupp na Mtanzania Frank Minja, walianzisha mpango wa Road2IR wa kufundisha radiolojia tiba, fani ambayo haikuwa na mafunzo yake nchini. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kikafungua shahada ya uzamili ya fani hiyo. Wanafunzi wake hujifunza kutoa mkojo kwenye figo iliyoziba, kuzibua njia ya nyongo, kukata kipande kidogo cha uvimbe kwa uchunguzi. Nyingi ya kazi hizo ni kufuata ncha ya sindano kwenye kioo bila kuipoteza hata sekunde moja, na huo ndio ustadi unaotakiwa kifundoni. Jirani yao ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, yenye madaktari wa upasuaji wanaolijua handaki hili kwa kisu. Ningewataka watu wa taasisi hizi mbili wakae chumba kimoja. Anayeona kwa mashine amfundishe anayekata, na anayekata amwambie anayeona ni lini aache sindano na kufungua kiganja: pale neva ina uvimbe uliojificha, pale kifundo kilivunjika na mifupa imehama, pale upasuaji wa kwanza ulishindwa, au pale picha haisomeki vizuri.

Kwa mgonjwa, haya ndiyo ya kushika. Ganzi ya vidole vitatu inayoamsha usiku ikizidi wiki chache, muone daktari, na umwambie kazi yako kwa undani pamoja na mimba au sukari kama ipo. Ganzi isiyoachia mchana na usiku, au gumba lililopoteza nguvu, ni ya kufikishwa kwa bingwa bila kupitia mzunguko wa vidonge. Ukishakatwa mkanda, kwa njia yoyote ile, chezesha vidole siku hiyo hiyo ili kano zisigandamane na neva, na weka kidonda kikavu mpaka kifunge. Maumivu ya usiku kwa wengi huisha ndani ya siku chache. Ganzi ya kudumu huchukua miezi, kwa kuwa nyuzi za neva hujikuza upya taratibu sana, karibu milimita moja kwa siku. Kushona kwa mkono kunaweza kuanza mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu. Mkasi mzito wa jinzi, nyundo na mkokoteni vinasubiri wiki kadhaa, na tarehe ya kuvirudia ipangwe na mtaalamu wa fiziotherapia aliyeupima mkono huo.